Fundi Manene, Mchora Herufi: Maisha ya Kaka Yetu, 1961–2022

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliokuja kwa sababu aliwahi kuwaandikia bango, poleni kwa safari na asanteni kwa kufika. Walio juani wasogee ukutani, wasifu huu si mfupi. Siku ya Jumapili nilikuwa nimeandika mwingine, mzuri, wa ukurasa mmoja, usiomkwaza mtu. Jumatatu niliuchana. Wifi yangu, mke wa marehemu, ameniomba mara tatu nisome ule wa kwanza. Nimemsikia na ninamheshimu, lakini takataka zilishachukuliwa.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Manene, alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Februari 1961, katika chumba namba sita cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mimi ninayesoma, niliyemfuata baada ya miaka saba. Baba yetu alikuwa mpika sabuni, na mama yetu alishona nguo za watu kibarazani. Kiwandani kila mche wa sabuni uligongwa muhuri wa herufi nene, kwa sababu herufi nyembamba ingejaa sabuni isisomeke. Kaka alijifunza kusoma kwenye mche wa sabuni kabla hajashika kitabu. Baba alipoleta nyumbani vipande vilivyokatika, yeye alivichonga kwa waya, duara, pembetatu, mraba, kisha akavipanga sakafuni vikawa herufi. Mama hakuwa na habari na sanaa, mama alikuwa na nguo za kufua. Siku moja alichukua M akafulia mashuka, na mtoto akakaa mlangoni analia huku anaiona M yake inaisha miguu. Mama akamwonea huruma, akamwahidi kwamba kuanzia siku hiyo atafulia zile tu ambazo mwenyewe amezikataa. Basi kila Jumamosi kaka alisimama mbele ya beseni, mikono nyuma kama hakimu, anachagua ipi iende majini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari kidato cha kwanza na cha pili. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu walimtumia kuandika ubaoni siku ambazo mkaguzi anakuja. Mwalimu wa jiografia alimchapa fimbo nne kwa sababu jina la somo aliliandika nene kiasi kwamba wino ulitokea ukurasa wa tisa. Mwishoni mwa mwaka 1976 macho ya baba yaliharibiwa na dawa za kiwandani, baba akarudishwa nyumbani, na kaka akaacha shule akatafute kazi. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Alipokelewa na fundi wa kupaka rangi magari, akakaa kwake zaidi ya miaka minne, kwanza akisugua mabodi kwa msasa, baadaye akiandika majina ya kampuni kwenye milango ya malori. Hapo ndipo alipokutana na kijana mwenzake aliyekuwa akichanganya rangi, ambaye mpaka leo tunamwita Bwana Rangi. Huyu alikuwa na jicho la ajabu. Ungemletea kipande cha mlango uliopigwa jua miaka kumi, angechungulia, angechukua vikopo vitatu, na angekupa rangi ileile iliyochoka vilevile. Juni 1981 wawili hao walifungua karakana yao katika chumba cha nyuma ya kinyozi, chenye dirisha moja na harufu ya tapentaini. Mmoja alichora, mwingine alichanganya. Mwaka uliofuata, nilipomaliza darasa la saba na hapakuwa na mpango mwingine juu yangu, nikawa wa tatu.

Nieleze kazi yangu, maana vijana hamkuiona. Kaka alichora herufi kwenye karatasi ngumu, mgongo wa kalenda za ukutani, akitumia sahani kwa duara na rula kwa yaliyobaki. Mimi nikazipitia kwa sindano iliyochomekwa kwenye kipini cha mbao, tundu baada ya tundu, kufuata mstari wote. Herufi moja ilikula matundu mia tatu na zaidi. Karatasi hiyo ilibandikwa ukutani, ikapigwapigwa kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Ukiibandua, herufi imebaki ukutani kwa vidoti vyeusi, kilichobaki ni brashi. Karatasi moja ilitumika mara mia. Kwa hiyo kila herufi aliyoandika kaka yetu katika mji huu, ukutani, bangoni, kwenye ubavu wa gari, ilipita kwanza mapajani mwangu.

Herufi zake alizijenga kwa maumbo matatu yale ya sabuni. O yake ilikuwa duara kamili, A yake pembetatu isiyo na kiuno, E yake mraba uliotolewa meno mawili. Hazikuwa na sehemu nyembamba na nyingine nene, zote zilikuwa shibe tupu. Alisema herufi inapaswa kusomwa na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda, aliyesahau miwani. Watu wakaziita Manene, na jina likamrudia mwenyewe, ingawa yeye alikuwa mwembamba mpaka mkanda wake aliutoboa tundu la ziada kwa sindano yangu. Bwana Rangi alikuwa anasema herufi zinamlia chakula.

Sasa lile ambalo Manene zinajulikana nalo, ile mistari mitatu myembamba inayokwenda sambamba ndani ya kila herufi, kama mistari ya sweta ya shule. Mistari hiyo ilitoka mwaka 1984, kwenye bango la duka la mikate. Kaka alikuwa amechora penseli hafifu ndani ya herufi, mistari mitatu ya kumsaidia kupima ulalo, na alikusudia kuifuta. Hakuifuta. Mimi nikatoboa kila nilichokiona. Tulipopiga mkaa na kubandua karatasi, ukuta mzima ukawa na herufi zenye mistari tumboni. Bwana Rangi alicheka mpaka akakalia ndoo. Kaka akashuka ngazi akaniuliza nani kaniambia nitoboe humu ndani. Nikamwambia, "Penseli yako." Akavuka barabara, akasimama pembeni ya muuza viatu, akaangalia muda ambao ungetosha kunywa chai. Aliporudi akasema usifute kitu, na akamwambia Bwana Rangi achanganye rangi ya tatu, ya mistari. Mwenye duka la mikate alinung'unika kwamba ameandikiwa jina kwa nguo za shule. Wiki haikuisha, mwenye duka la dawa na mwenye gereji wakaja wakitaka za mistari.

Ndivyo mistari ilivyopatikana, na waliokuwepo ni watatu. Mmoja tunamzika leo.

Kwa zaidi ya miaka ishirini karakana ile iliandika mji. Zahanati, mashule, baa, ofisi ya posta, uwanja wa mpira, boti za kukodi. Ungepita barabara kuu ukadhani mji mzima umezaliwa na mama mmoja. Karatasi za matundu zilikaa nyumbani kwetu, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Kila asubuhi nilizitoa zinazohitajika, na kila jioni nilizirudisha. Mama alipokuwa anafariki, mwaka 1997, kaka aliniambia mbele ya mama kwamba herufi hizi ni za nyumba hii, hazitoki kwenda kwa mtu. Sikumlazimisha aseme. Aliyasema kwa kinywa chake, mimi nikayaweka moyoni kama mtu anavyoweka hati ya kiwanja.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1990. Mkewe alikuwa karani wa zahanati, na ndoa hiyo ilianza kwa uvivu. Kaka alikwenda kuandika neno ZAHANATI ukutani, kazi ya siku moja, akaitumia wiki tatu. Alipaka Z, akaisubiri ikauke kwa siku mbili. Alipaka A, akasema haikumridhisha. Daktari alipouliza kwa nini wagonjwa wanasoma ZAHA mpaka sasa, karani akamjibu kwamba fundi anafanya kazi kwa makini. Walijaliwa watoto watatu, binti aliye mwalimu, mwana anayeendesha kreni, na kitinda mimba ambaye ni muuguzi. Kwa mkewe na watoto wake alikuwa mtu mpole. Hakuinua sauti. Ugomvi ulipoingia mlangoni, yeye alitokea dirishani.

Kuanzia mwaka 2004 hivi zikaingia mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Kazi ya wiki ikawa ya dakika ishirini, na mteja hakutaka tena kusubiri rangi ikauke. Bwana Rangi akasoma kompyuta ukubwani, akafungua duka lake la mabango. Kaka hakutaka. Alibaki na brashi zake nyuma ya kinyozi, akiandika namba za nyumba na majina ya boti, kisha majina ya boti peke yake.

Ijumaa tarehe 24 Mei 2013 nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kununua unga. Likapita lori la maji. Ubavuni limeandikwa MAJI SAFI YA WANANCHI kwa Manene, kwa plastiki, zimenyooka bila alama ya brashi hata moja. Nilizijua kabla sijazisoma. W yetu ni nyembamba kuliko M, imebanwa mabega, kwa sababu upana wa kalenda uliishia pale na kaka hakutaka kuunga karatasi. Hakuna fundi duniani angechora W ya namna hiyo kwa kupenda. Niliacha foleni. Mwezi ule nikaziona kwenye pakiti za biskuti, kwenye jezi, kwenye mlango wa benki. Vijana walikuwa wanasema hizo ndizo herufi za kizamani zinazotamba sasa, na ukiwa na kompyuta unazipata.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Rangi. Kulikuwa na wateja sita. Nilimwita mwizi. Nilimwita mengine pia ambayo sitayasoma mbele ya wajukuu, ingawa wakubwa waliokuwepo wanayakumbuka na wengine wameyatumia tangu hapo. Nilimwambia amekula sahani moja na kaka yangu miaka thelathini kisha ameiba sahani. Yeye alisubiri nimalize, akasema, "Dada, kamuulize kaka yako." Nikaona ni ujeuri.

Nilimuuliza kaka jioni ileile, mezani kwake, mkewe akiwepo. Kaka alinimiminia chai. Akaweka sukari, akakoroga kwa niaba yangu, akasema, "Achana naye tu." Basi. Maneno matatu. Nikadhani ni upole wake, kwamba ameumia hadi hawezi kulitaja. Nikasema ikiwa yeye hana mdomo, mimi ninao.

Na niliutumia miaka tisa. Salamu ya Bwana Rangi sikuitikia barabarani. Kwenye harusi ya binti mkubwa wa kaka niliona kiti cha Bwana Rangi kimewekwa mbele, nikakiondoa kwa mikono yangu, akasimama nje ya uzio mpaka wimbo wa mwisho. Watu walioniuliza niliwaeleza. Wasioniuliza niliwaeleza pia. Septemba 2016 mke wa Bwana Rangi alipofariki, mwanamke aliyetuletea chakula karakanani kabla hata kaka hajaoa, sikwenda kumzika. Nilikaa nyumbani siku ile nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Kaka alikwenda. Aliporudi nilimsema kwa kwenda kumfariji mwizi wake, na kaka akavua viatu, akavipanga, akaenda kuoga.

Tangu mwaka 2011 alikuwa anasumbuliwa na shinikizo la damu, na kila Jumatano alituaga kwamba anakwenda kliniki. Tarehe 15 Novemba 2021 alipata kiharusi kilichomchukua mkono wa kulia na ulimi. Nilimuuguza pamoja na wifi yangu kwa karibu miezi kumi na moja. Nilimnunulia ubao mdogo wa kuandikia, na kwa mkono wa kushoto aliandika polepole alichotaka. Aliandika mto. Aliandika dirisha, nzi, chumvi kidogo. Siku moja aliandika jina langu la utotoni, ambalo ameondoka nalo, na nililia kwa furaha kama mjinga. Alikuwa na ubao, alikuwa na chaki, na alikuwa na mimi nimekaa hapo mchana kutwa. Hakuandika lile alilopaswa kuliandika. Alifariki Jumamosi iliyopita, tarehe 8 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, wodini, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Jumatatu Bwana Rangi alikuja msibani. Nilikuwa mlangoni. Nilimwambia nyumba imejaa na nafasi ya wezi haipo. Wazee walioketi pale walitazama chini. Alikuwa amebeba bahasha ya plastiki. Akasema, "Kaka yako aliniambia ninyamaze mpaka afe. Amekufa." Akanikabidhi.

Ilikuwa karatasi moja, tarehe 17 Agosti 2011, na mwandiko nilioujua kuliko wangu. Imeandikwa kwamba yeye, kwa hiari yake na bila kushurutishwa, amempa rafiki yake herufi zake zote, azitie kwenye kompyuta na kuzitoa kwa watu. Mstari wa mwisho unasema hivi, nausoma kama ulivyo: "Herufi hizi nilizibuni na kuzitengeneza mimi peke yangu, bila mkono wa mtu mwingine." Chini yake sahihi.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaangalia mikono yangu.

Nikauliza karatasi za matundu zilitokaje chini ya kitanda changu. Bwana Rangi akasema kaka alizichukua moja moja siku za Jumatano, nilipokuwa sokoni, zikapigwa picha, zikarudi kabla sijarudi. Kliniki ya shinikizo la damu ni Jumanne. Ni miaka mingapi nimepita mbele ya lango la hospitali, siku zimeandikwa pale kwa herufi za kaka mwenyewe, na sikusoma. Zilipomalizika kubwa, aliendelea kwenda kuchora zile ambazo hatukuwahi kuwa nazo, ndogo zote, mabano, alama ya kuuliza. Alikuwa na meza yake chumba cha nyuma, na kikombe chake. Hakuchukua chochote kwa kazi hiyo, hata nauli. Alimwambia Bwana Rangi kwamba anataka kuziona barabarani zinatembea kabla yeye hajalala, na kwamba brashi imeshindwa, hana njia nyingine.

"Nilimwambia akuandike na wewe," Bwana Rangi aliniambia. "Nilikuwepo siku ya bango la mikate, nilijua mistari ni yako. Akasema akikuandika itabidi akuambie, na akikuambia utakataa."

Na ni kweli, ningekataa. Ningelalia lile sanduku. Hilo ndilo linalonikaba zaidi ya yote, kwamba alinijua sawasawa, akatumia kunijua huko kunizunguka. Mgeni hawezi kukufanyia hivyo. Mgeni hajui siku yako ya kwenda sokoni.

Nilimgeukia wifi yangu, nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu mwaka wa kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia. Akasema, "Wewe ukikasirika, wifi, nyumba nzima inahama."

Nimewaza tangu Jumatatu. Kuzitoa herufi, huenda alikuwa na haki, alizichora yeye. Kutaka kuziona zikitembea, namwelewa, maana nami niliposimama kwenye ile foleni, kabla hasira haijanifikia, kulikuwa na nukta moja ambapo nilifurahi. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Ila miaka tisa alinisikiliza nikimtukana mtu asiye na kosa, akanikorogea chai. Alinitazama nikikiondoa kile kiti. Aliniacha nifue mapazia siku mwanamke mwema anazikwa. Neno moja tu lingetosha, hata kwa chaki, hata kwa mkono wa kushoto. Nilidhani ninamlinda kaka yangu, kumbe yeye alikuwa amekaa nyuma yangu, mahali pazuri, penye kivuli.

Haya yanayofuata nimeyaongeza kwa kalamu leo. Jana, Jumatano, nilipeleka kurasa hizi dukani kwa Bwana Rangi zichapwe. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka mlango ule tangu siku ya wateja sita. Alizisoma zote akiwa amesimama. Aliniomba niondoe habari za mazishi ya mkewe, akasema hana haja yasomwe, na sisi ni watu wazima. Nikamwambia kurasa ni zangu. Akakaa, akachapa mwenyewe kwa vidole viwili, neno kwa neno, pamoja na lile la mwizi. Kichwa cha habari mnachokiona juu ya nakala zenu ni Manene. Nilimwona akibonyeza kitufe, na zikaja zote kwa mpigo, W pia, na mistari yangu ndani.

Nilimchafua mbele za watu, kwa hiyo haifai nimsafishe pembeni. Huyu aliyekaa mstari wa pili, mwenye shati la kijivu, hakuiba kitu. Alipewa. Alishika neno la rafiki yake miaka tisa huku akitukanwa na dada wa rafiki huyo sokoni, barabarani na harusini. Kama kuna mtu hapa nilimwambia vinginevyo, na mko wengi, nawaona, basi mfute na mseme nimefuta mimi. Bwana Rangi, kiti nilichokiondoa nitakirudisha, harusi nyingine zipo. Kwa mke wako sina la kurudisha. Nitakwenda kaburini kwake Jumamosi, na kama hutaki niende na wewe, nitakwenda peke yangu.

Marehemu ameacha mjane, ambaye leo asubuhi nilimmegea mkate wake akala nusu, na nitammegea tena kesho. Ameacha watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu wanne, mkubwa wao akiwa na miaka minane na mdogo akiwa hajatembea. Ameacha rafiki mmoja wa miaka arobaini na zaidi, ambaye nimemwandika hapa kati ya wana wa nyumba, na asiyependa aniambie baada ya mazishi. Ameacha dada mmoja.

Dada huyo hajamsamehe. Alimpenda tangu anapanga sabuni sakafuni, atampenda na kesho, ila kusamehe kunataka watu wawili wakae meza moja, na mmoja ameshaondoka bila kusema alichokuja kusema. Nikimaliza kusoma nitatupa udongo wangu kama wengine wote.

Apumzike, basi, kwa ile amani aliyoipenda kuliko kuniambia ukweli.